Sitaki Kijiko

Jumanne, 3 Juni

Nimefika salama, ila mdogo wangu amenililia uwanja wa ndege kama vile ameshushiwa maiti. Watu wote wakageuka. Nikamwambia, "Wewe, nimepooza upande mmoja wa uso, sijafa upande wowote." Maneno yalitoka yamelowana, maana midomo yangu siku hizi haikutani vizuri. Akalia zaidi.

Ninaandika kwa sababu kuongea kunanichosha, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Mwezi uliopita niliamka, nikasukutua, maji yakajimwagia yenyewe upande wa kulia. Kwenye kioo nusu ya uso ilikuwa imelala. Daktari akasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Wengi hupona, wengine hupona nusu, tusubiri. Akanipa vidonge, na plasta ya kufungia jicho ninapolala kwa kuwa limekataa kujifunga. Akasema pia nifanye mazoezi ya kunyonya kwa mrija, polepole. Kwa mtu mwingine hii ingekuwa shida ya kioo tu. Kwangu ni kazi. Mimi ni refa wa mpira, na refa asiyeweza kupuliza kipenga ni mtu aliyevaa kaptula.

Jumapili ya wiki ileile nilikwenda uwanjani kwa ukaidi wangu. Nikapuliza, ikatoka hewa na mate. Wachezaji hawakusikia, wakaendelea. Nikawasimamisha kwa mikono kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Jukwaa likanyamaza. Miaka yote ya kazi hii nimetukanwa, na refa hutukanwa macho kwanza, ndiyo salamu yetu: huoni wewe, kanunue miwani, kipofu! Siku ile hakutukana mtu. Timu ya wageni niliinyima penalti ya wazi kabisa, na kocha wao akaja mwishoni akanishika bega: "Pole sana, mama."

Pole! Nilifika nyumbani nikalia kwa ajili ya hiyo pole, wala si kwa ajili ya uso.

Ligi imesimama mpaka Agosti. Kabla haijaanza kuna mtihani wa marefa. Mdogo wangu kanitumia tiketi nije kupumzika kwake msimu huu wa mvua. Sawa, nitapumzika. Lakini siku ya mtihani nitapuliza, wapende wasipende.

Alhamisi, 5 Juni

Mdogo wangu ni fundi cherehani kwenye karakana ya magauni ya harusi. Mumewe ni fundi wa lifti, na lifti ya jengo lao wenyewe ni mbovu, kwa hiyo tunapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Shemeji ni mtu wa maneno machache. Akiniamkia hutazama kifungo cha shati langu ili asitazame mdomo.

Leo mdogo wangu alinitoa kidogo. Chini ya jengo kuna duka la kinywaji ambacho huku kinapendwa na vijana kuliko maji. Ni chai ya baridi yenye maziwa, na chini ya kikombe zimelala gololi nyeusi laini za kutafuna. Kikombe kinafungwa juu kwa nailoni, unapewa mrija mnene kama kidole, umechongwa ncha; unachoma nailoni kama unapiga sindano, unanyonya, gololi zinapanda. Nikauliza gololi zimetengenezwa na nini. Mdogo wangu akasema unga wa muhogo. Nilicheka upande mmoja. Muhogo umesafiri mpaka huku, umevikwa sukari, umebadilisha jina!

Nikachoma, nikanyonya. Hewa iliingia kwenye pembe ya kulia ya mdomo, chai ikatoka palepale, ikashuka kidevuni mpaka kwenye blauzi. Gololi hazikujisumbua hata kusogea. Nikajaribu tena. Msichana muuzaji, mwenye nywele alizozipaka rangi ya buluu, alikuja mbio amebeba kijiko kidogo na leso za karatasi. Akainamisha kichwa kwa huruma, akaniwekea kijiko mkononi kama anavyowekewa mtoto.

"Kipokee, Dada," mdogo wangu akasema, "anakusaidia tu."

"Sitaki kijiko."

"Dada, nani anakushindanisha hapa?"

Nikarudisha kijiko mezani. Nimemaliza chai kwa kuinua kikombe mdomoni, na gololi zote zimebaki chini, zinanitazama. Nimefungwa mabao mengi kwa sifuri. Lakini hii ni mechi ya kwanza tu.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua. Nimenyonya maji kwa mrija mbele ya kioo. Maji hayana upinzani, yanachosha.

Jumatatu, 9 Juni

Wenyewe wamekwenda kazini. Nimetoka peke yangu kutafuta duka jingine, kwa kuwa lile la nywele za buluu nimelipa kadi ya njano kwa huruma iliyopita kiasi.

Nimelipata mtaa wa pili, duka jembamba lenye vijana wawili nyuma ya mashine. Lugha yao sijui zaidi ya asante. Nikaonyesha picha ya kikombe ukutani, wakaelewa vizuri. Kisha mmoja akainua kijiko kunionyesha, akaniuliza kwa nyusi. Nami, bila kufikiri, nikafanya kama nifanyavyo uwanjani kila siku: mikono miwili mbele, nikaizungusha kwenda juu. Maana yake kila refa anaijua, hakuna haja, mchezo uendelee.

Yule kijana alifurahi. Akamwambia mwenzake, wakaanza kujaza. Gololi nyeusi, gololi nyeupe, vipande vya jeli, maharage matamu, krimu, vitu vya kijani nisivyovijua. Kumbe pale kwao mikono ile ni kusema, weka vyote ulivyo navyo. Nikapokea mlima ndani ya kikombe, na juu yake, vijiko viwili.

Nimecheka mpaka jicho langu bovu likatoa machozi. Kisha nimekaa hapo mpaka mvua ikakatika, nikihangaika na mlima. Nimenyonya gololi moja. Ilipanda nusu ya mrija, ikarudi. Lakini ilipanda!

Jumatano, 11 Juni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimefua, nimepiga pasi, nimepika. Mdogo wangu amekasirika kwamba nimepika.

Jumamosi, 14 Juni

Amepiga simu Katibu wa chama chetu cha marefa. Ni mtu mzuri, amewahi kunitetea, kwa hiyo nilimsikiliza.

"Madamu, tunakuombea sana huku. Pumzika. Na nimefikiria jambo. Ukirudi, si lazima ubebe kipenga. Kuna kibendera. Unakimbia pembeni, unaonyesha kuotea, hakuna anayehitaji mdomo wako."

"Mimi ni refa wa kati, Katibu."

"Umesema?"

Nikarudia. Hakusikia tena. Mara ya tatu nikasema polepole, na yeye akajibu polepole vilevile, kama anaongea na mtu aliyepotewa na akili: "Ha-mna shi-da, ma-ma."

Sina neno na washika vibendera. Wanakimbia sana na wanatukanwa sana, tena kwa karibu zaidi. Lakini kibendera hicho alichonipa kina mpini kama wa kijiko. Nimekata simu kabla sijasema kitu ambacho angekisikia vizuri.

Mdogo wangu alikuwa jikoni. Akauliza, "Anasemaje?" bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata duka langu.

Liko nyuma ya kituo cha treni, na ni dogo: meza nne, viti vya plastiki, dirisha lenye ukungu wa mvuke. Mwenyewe ni mama mnene mwenye uso wa kufunga mjadala. Nilinyonya, chai ikanimwagikia kama kawaida, ikatiririka mezani kwake. Nikasubiri kijiko. Nikasubiri ile kuinamisha kichwa.

Akanirushia kitambaa. Kikanipiga kifuani. Akasema neno moja, na ingawa lugha siijui, kitambaa kilitafsiri: futa.

Nikafuta. Akatazama, akanionyesha kwa kidole pale nilipobakiza. Nikafuta na hapo. Akarudi kwenye sufuria zake.

Nimempenda yule mama. Ni mtu wa kwanza tangu ugonjwa uanze kunipigia filimbi ya faulo. Nimempa jina Mama Kitambaa. Chai yake ni chungu kidogo, ya kukolea, na gololi zake anazitoa zikiwa bado na joto, laini. Tatu zimepanda mpaka mdomoni. Nimezitafuna kwa upande mzima kwa heshima zote.

Alhamisi, 19 Juni

Kwa Mama Kitambaa. Gololi tano. Nimefuta mara mbili.

Jumapili, 22 Juni

Wageni walikuja kwa mdogo wangu, wenzake wa karakana. Kabla hawajafika akaniambia, "Dada, kama umechoka kaa tu chumbani, nitakuletea chakula." Sikuwa nimechoka. Nilikaa sebuleni, nikala mbele yao, nikacheka kicheko changu cha upande mmoja. Mdogo wangu alikuwa akinikatia nyama vipande vidogo na kuongea badala yangu. Nikiulizwa, anajibu yeye. "Dada anapenda baridi. Dada atapumzika kazi." Atapumzika nani?

Ananionea haya. Namwandika hapa kama ninavyomwona: mtoto niliyembeba mgongoni, leo ananificha chumbani kama ndoo iliyotoboka.

Ijumaa, 27 Juni

Leo nimetoa kipenga kwenye begi. Nilikuwa sijathubutu tangu nije. Nikajifungia bafuni, nikapuliza. Fuuuu. Hewa tu. Upande wa kulia unavuja kama bomba bovu.

Shemeji akagonga mlango. "Shemeji, kuna maji yanavuja?"

Nikamjibu hakuna. Nikakaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumanne, 1 Julai

Mvua imekuwa ya kudumu. Nimekwenda duka jipya la sokoni, mirija yao myembamba, gololi zao ngumu kama kokoto za barabarani. Kadi nyekundu ya moja kwa moja. Nimerudi kwa Mama Kitambaa nimelowa chapachapa. Akatazama matope niliyoingia nayo, nikachukua dekio mwenyewe kabla hajasema.

Jumamosi, 5 Julai

Nataka kuandika haya yote kama yalivyotokea, kwa sababu kesho nitakuwa na hasira ya aina nyingine.

Asubuhi jicho lilijifunga lenyewe. Kweli! Nilikuwa ninanawa, sabuni ikaja, jicho likafumba. Nilifurahi mno nikampigia Katibu, nikamwambia niandikie jina kwenye mtihani, refa wa kati. Leo alinisikia mara ya kwanza. Akasema:

"Lakini Madamu, si tulishakubaliana na mdogo wako?"

"Mlikubaliana nini?"

"Kibendera. Yeye ndiye aliyenipigia. Alinisihi sana. Akasema wewe ukiambiwa na ndugu hutasikia, ukiambiwa na chama utasikia. Mimi nilidhani unajua."

Mdogo wangu alikuwa sebuleni anashona shanga kwenye gauni la mtu. Nikasimama mbele yake. Nilinyoosha mkono juu, kweli nilinyoosha, kama mtu aliyeshika kadi.

"Umempigia Katibu."

Sindano ikasimama. "Dada, kaa kwanza."

"Umempigia ama hukumpigia?"

"Nilimpigia."

"Kwa hiyo kibendera ni chako. Na kunificha chumbani ni kwako. Unanionea haya mbele ya watu wako, sasa unataka nikaone haya mbele ya watu wangu!"

"Haya? Mimi nikuonee haya wewe?"

"Nimekubeba mgongoni mimi! Nimekupeleka shule mimi! Leo unaniuza kwa Katibu kama mbuzi mwenye kilema!"

Shemeji alitokea mlangoni, akatazama, akarudi alikotoka. Mdogo wangu alikuwa analia lakini sikungoja. Nikavaa viatu, nikashuka ghorofa zote nne, nikatoka kwenye mvua bila koti. Nilipofika kona nikageuka. Shemeji alikuwa nyuma yangu amebeba mwavuli. Nikisimama, naye anasimama. Nikienda, naye anaenda. Hakuthubutu kunikaribia na hakuthubutu kurudi nyumbani bila mimi, maskini, akaufunga mwavuli alowe na yeye ili tuwe sawa.

Tukafika kwa Mama Kitambaa hivyo. Alitutazama tulivyokuwa tunachuruzika, akatuletea kitambaa kimoja kikubwa na vikombe viwili vya moto. Sikujua kwamba ile chai hunywewa hata ikiwa ya moto. Nikanyonya kwa hasira. Nadhani hasira ina nguvu zake, maana gololi zilipanda moja baada ya nyingine, na nilikuwa nimemaliza nusu kikombe kabla sijatambua kwamba simwagi.

Shemeji naye alitambua. Akasema, na ndiyo sentensi ndefu zaidi niliyowahi kuisikia kwake: "Shemeji, yeye haoni haya. Yeye anaogopa. Muulize kuhusu fainali."

Mdogo wangu akaingia muda huohuo, ametufuata mbio, viatu vyake viwili havifanani. Akakaa. Mama Kitambaa akamletea na yeye kikombe.

"Fainali gani?" nikauliza.

"Ile niliyokuja kukuangalia. Kabla sijaolewa." Alikuwa anauzungusha mrija bila kunywa. "Nilikaa katikati ya mashabiki, hawakujua mimi ni nani. Dada, walikutukana mpaka wakamaliza matusi yako, wakahamia kwa Mama. Mama alikuwa hana hata mwezi kaburini. Mtu mzima, mwenye mvi, anamtukana Mama yetu na anakula karanga. Nilitaka kufa. Wewe hukusikia?"

"Nilisikia."

"Ukaendelea?"

"Ilikuwa dakika ya sabini."

Akauachia mrija. "Na hapo ulikuwa na uso mzima. Sasa hivi ukiingia na huo mdomo watakutungia wimbo. Watauimba uwanja mzima. Na mimi siwezi kuuvumilia nikiwa mbali, wala nikiwa karibu. Kibendera utakuwa pembeni, hawatakutazama sana. Nilifikiria hivyo tu."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema, na mimi siku zote nilijua maiti ni mimi. Kumbe tulizikwa wawili siku ile. Nilikuwa nimemhukumu kwa kosa ambalo hakulifanya. Alilolifanya ni kosa lingine, na bado ni kosa, na nikamwambia.

"Ulikosea kunizunguka."

"Nilikosea."

"Sikio langu limezoea matusi. Lisilozoea ni pole. Watu wakinipa pole uwanjani maana yake wameshanizika. Umeelewa?"

"Sijaelewa," akasema, "lakini nimesikia."

Kanuni zetu zinasema refa anaweza kugeuza uamuzi wake ikiwa mchezo haujaanza tena. Watu wengi hawaijui hiyo, wanadhani refa akishapuliza ameshapuliza. Mchezo ulikuwa haujaanza tena. Nikamfutia kadi nyekundu, nikamwachia ya njano, na nikamwambia anywe chai yake kabla gololi hazijaganda.

Tulirudi watatu chini ya mwavuli mmoja, na wote tulikuwa tumeshalowa, kwa hiyo haukuwa na kazi.

Jumatano, 9 Julai

Mdogo wangu amekuja na mpango wake. Anasema ikiwa lazima nirudi huko, basi nitukanwe kwanza na watu wanaonipenda, nizoee, na yeye azoee. Nikamwambia mimi nilishazoea kabla hajajua kushona. Akasema, "Basi niache nizoee mimi."

Tumekwenda kwa Mama Kitambaa jioni, sisi watatu. Mimi ninanyonya, wao wananitukana. Pale hakuna anayejua lugha yetu, tungeweza kutukana hata dari.

Mdogo wangu hajui kutukana. Akakohoa, akasema, "Refa... refa mbaya!" Akasimama kuniomba samahani.

Shemeji akaweka kikombe chake chini. Mtu ambaye hunitazama kifungo! Akavuta pumzi, akaanza: "Refa huoni! Refa ulizaliwa umeme umekatika! Refa nenda kachunge bata, na bata watapotea! Umekula ngapi, refa? Na chenji umeficha kwenye soksi!" Mishipa ya shingo ilimsimama. Mama Kitambaa alichungulia kutoka nyuma ya sufuria. Miaka yote ya kunyamaza nyumbani kumbe alikuwa anaweka akiba.

Nilicheka mpaka chai ikatokea puani. Nikafuta meza bila kuambiwa.

"Sasa mdomo," nikamwambia mdogo wangu. "Hicho ndicho unachokiogopa. Sema."

"Dada, hapana."

"Sema. Mimi ninanyonya hapa."

Akaanza, "Refa mdomo..." akakwama. Machozi yakamjaa. Shemeji akamshika mkono. Nikaweka mrija kwenye pembe ya kushoto, nikaufunga upande wa kulia kwa nguvu zote nilizonazo, nikamtazama.

"Refa mdomo upande!" akapiga kelele, tena kwa sauti ya Mama yetu akiwa na hasira.

Nikavuta. Gololi ikapanda yote, ikaingia. Sikumwaga tone.

"Tena," nikasema.

Jumatatu, 14 Julai

Mdogo wangu amejifunza matusi sita. Moja ni zuri kweli, siwezi kuliandika.

Jumamosi, 19 Julai

Mvua imepumzika leo. Nimeshuka na kipenga mpaka kwenye uwanja mdogo wa nyuma ya jengo ambako wanaanika nguo. Sikukiweka katikati kama zamani. Nilikiweka pale gololi zinapopitia, pembe ya kushoto, nikakibana kwa meno ya pembeni, nikafunga kulia, nikapuliza.

Kililia! Kililia mpaka njiwa wakaruka kwenye kamba za nguo. Ng'ambo ya barabara Shemeji alikuwa anavuka na mfuko wa vitunguu, alisimama palepale, katikati ya barabara, akainua mikono miwili juu kama beki aliyekamatwa, anasema, "Sijamgusa!"

Gari likampigia honi. Dirisha la ghorofa ya nne likafunguka na mdogo wangu akatoa kichwa, sindano mdomoni. Nikapuliza tena, nikampa kona.

Ijumaa, 25 Julai

Kesho naondoka. Nimezunguka maduka yote kuaga. Wale vijana wawili wakaanza kunijazia mlima waliponiona, nimeumaliza. Msichana wa nywele za buluu, ambazo sasa ni za kijani, alinikumbuka, akashika kijiko, akanitazama ninavyochoma nailoni, akakirudisha mwenyewe taratibu kwenye droo. Nimemfutia kadi yake ya njano.

Mwisho, kwa Mama Kitambaa. Nilinyonya kikombe kizima mpaka mrija ukakoroma. Meza ilikuwa kavu. Akaja, akaitazama, akainama hata kutazama chini yake. Kisha akanirushia kitambaa vilevile. Nikafuta meza kavu kuanzia pembe hii mpaka ile, tukashikana mikono.

Niseme ukweli: mdomo haujarudi wote. Nikicheka, upande wa kulia unafika umechelewa. Daktari wa huku, aliyenipima wiki hii, anasema huenda ukabaki hivyo. Basi ubaki. Mimi naondoka nao ulivyo.

Jumapili, 3 Agosti

Nyumbani. Leo ndiyo mtihani.

Mbio nilimaliza wa tatu, nyuma ya watoto wawili wa juzijuzi. Kisha mechi ya majaribio, na watu walijaa kuliko nilivyotegemea, maana habari ya uso wangu ilishatangulia. Katibu alikuwa na meza kando ya uwanja. Juu yake kulikuwa na kipenga na kibendera. Akasema kwa upole, "Madamu, uamuzi ni wako, hakuna atakayekulaumu."

"Bado unaniombea?" nikamwuliza.

"Sana."

"Acha." Nikachukua kipenga.

Jukwaa lilinyamaza nilipoingia, kimya kilekile cha siku ile. Nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Masikini, mwangalieni." Nikakiweka pembeni ya mdomo, nikakibana, nikapuliza. Sauti yake si ya zamani, ina mkwaruzo kidogo. Lakini wachezaji ishirini na wawili walianza kukimbia kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi ya kipenga.

Kipindi cha kwanza kilipita hivyo, wakinong'ona juu yangu. Kipindi cha pili beki wa timu ya nyumbani akamvuta mtu jezi ndani ya boksi. Kidogo sana, kwa vidole viwili, akiangalia pembeni kama anayechuma mchicha. Mimi nilikuwa hatua chache. Nikapuliza, nikaonyesha nukta ya penalti.

Kisha mzee mmoja mwenye kofia akasimama na karanga zake, akajaza kifua, na sauti yake ikavuka uwanja mzima:

"Refa kipofu wewe! Kanunue miwani!"

Na wengine wakaitikia. Huoni! Macho umeazima! Umezaliwa gizani! Jukwaa zima likasimama, wanawake, watoto, wauza maji, wote wananitukana macho, na hata yule aliyeniita masikini alikuwa anapunga kiatu. Nilisimama pale katikati na mpira mkononi, na nadhani nilikuwa natabasamu, kwa sababu nahodha aliyekuja kulalamika aliniuliza, "Madamu, unacheka nini?"

Nikampa kadi ya njano.

Baada ya mechi sikuvua hata viatu. Nikampigia mdogo wangu.

"Wamekutukana?" Alikuwa ameshika simu muda wote, nilijua kwa jinsi alivyoipokea.

"Sana."

"Wamesema nini?"

"Kwamba mimi kipofu. Niliwapa wageni penalti."

"Kipofu? Macho? Macho tu?"

"Macho tu. Mdomo hakuna aliyeutaja."

Nikasikia anakaa chini, kiti kikilia. Alianza kucheka, kisha kulia, kisha vyote viwili, na nyuma yake nikamsikia Shemeji akiuliza wamesemaje, wamesemaje. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," mdogo wangu akasema alipopata pumzi. Halafu, kwa sauti ya shabiki, maana ameshakuwa shabiki sasa: "Lakini Dada, ile penalti. Niambie kweli. Ilikuwa penalti?"

"Ilikuwa penalti," nikamwambia.